Pembe Sita

Oighrig aliniita nimpigie picha kitanda;
si cha kulalia, cha kufumia,
kile cha chuma, cha kanyagio mbili,
alichokiendesha Torcuil miaka arobaini na mmoja
katika kibanda cha bati nyuma ya nyumba,
huku Nis, ncha ya juu ya kisiwa cha Leòdhas,
ambako upepo hauulizi mlango uko wapi.

Mnunuzi yuko Uig. Anataka kuona kabla hajaja.

Saa kumi jioni, Novemba, jua limekwisha kuaga.
Nikawasha taa ya kamera, nikapiga nne.
Ya tatu ndiyo aliyoivalia miwani.
Juu ya benchi la mfumi,
pale pale palipokuwa na kichwa kila siku isipokuwa Jumapili,
miviringo kumi na mmoja, myeupe, imefifia
kama sarafu zilizozama majini.

"Hawa ni nani?"

Alisema *hawa*. Hakusema *hii*.

Nilifundisha fizikia Steòrnabhagh miaka ishirini na sita
na ulimi haustaafu.
Nikamwambia: taa hii na lenzi ni pua na mdomo,
zimekaa karibu mno.
Unyuzi wa sufu ukielea hapa, upana wa kiganja kutoka kiooni,
mwanga unaufikia kwanza, unaurudisha wote,
na lenzi imekodolea mbali, kwenye mtande na mshindio,
haina nafasi ya kuutazama wa karibu.
Inaukosea. Punje inakuwa sahani.

Hakujibu. Nikatwaa gunia, nikalikung'uta mara moja,
nikapiga: miviringo mia, mia mbili,
kibanda kimejaa kama kanisa siku ya mazishi.
Nikaishika taa ya mkono, nikaimulika kutoka ubavuni,
nikapiga tena: hakuna hata mmoja.
Chuma, uzi, ukuta. Basi.

"Na tazama kingo," nikasema, nimenogewa sasa,
"si duara kamili. Hesabu."
Akahesabu kwa kucha, polepole. Sita.
"Ndilo umbo la tundu la lenzi, vibati sita vikikutana.
Roho gani hiyo yenye pembe sita?"

Nilicheka peke yangu.

"Mwalimu," akasema,
"vumbi nalijua. Nimelifagia tangu ndoa.
Nimeliopoa kwenye chai, nimelikung'uta kwenye mto,
nimelitoa kwenye nyusi zake kwa mate na kidole
tukiwa tumechelewa ibada.
Sikukuuliza ni nini."

Upepo ukagonga bati. Nikajifanya nafuta lenzi.
Ningeweza kumjibu kwa kweli nyingine:
kwamba vumbi la chumba kilichofungwa si sufu tupu,
kwamba mtu aketipo mahali pamoja
humomonyoka, kidogo kidogo, ngozi yake, nywele zake,
na kwamba tangu Februari hakuna aliyeufungua mlango ule
ila sisi wawili, leo.
Hilo nalo lina vipimo vyake.
Nililimeza. Sijui kama nilikosea.

Picha safi ndiyo iliyokwenda Uig.
Jumanne wakaja wanaume watatu na trela,
wakakifungua kitanda boriti kwa boriti,
mmoja akipiga chafya, akiomba radhi, akipiga tena.
Oighrig alisimama kizingitini na ufagio
ambao hakuutumia.

Jioni akanipigia simu. Anaitaka ile ya tatu,
karatasini, nzuri, atalipa.
"Ya kumi na mmoja?" nikamuuliza. "Ya kumi na mmoja."
Kubwa kiasi gani?
Akafikiri. Nilisikia birika likichemka nyuma yake.

"Kiasi cha pembe kuonekana."